Mjaza Kiti

Kazi yenyewe nilitafutiwa na baba. Yeye ni fundi wa mazulia, na kila mwaka tuzo za filamu zikikaribia ndiye anayetandika lile zulia jekundu ambalo mastaa hulikanyaga bila kutazama chini. Alimbembeleza msimamizi wa ukumbi wiki nzima: "Binti yangu ana adabu, mpe nafasi." Nikawa mjaza kiti.

Kujaza kiti ni hivi: staa akienda msalani, wewe unakaa mahali pake ili kamera zisionyeshe pengo. Msimamizi alitusomea masharti pale mlangoni, baba akiwa kando yangu anakata utepe wa gundi. Usipige picha. Usianze wewe kuwasemesha mastaa. Mwenye kiti akirudi, inuka mara moja. Basi. Nikapewa gauni la kijani kutoka stoo ya televisheni, limebanwa mgongoni kwa pini, nami nikajiona nimefika.

Nilikalishwa karibu na mwigizaji ambaye mama humwita Malkia. Hakosi tamthilia yake hata akiwa na homa. Malkia akanigeukia. "Wewe nimekuona wapi? Si kwenye ile filamu ya wakili?"

Nilicheka kicheko kisicho ndiyo wala hapana. Akanisifia gauni. Kichwa kikanivimba, maana sijawahi kusifiwa na mtu anayesifiwa na kila mtu.

Ikaingia mapumziko ya matangazo. Pembe ya zulia ilikuwa imeinuka karibu na safu yetu, na mtangazaji alikuwa amejikwaa nusura aanguke mbele ya nchi nzima. Baba akaja anatambaa kwa magoti, kipande cha utepe mdomoni, suruali ya kazi imepauka. Akabandika, akakandamiza kwa kiganja, akainua kichwa. Aliponiona, uso ukamkunjuka.

"Pilipili! Mwanangu, umependeza!"

Pilipili ni mimi, tangu nina miaka mitatu, kwa hasira zangu. Safu nzima iligeuka.

"Unamfahamu huyu mzee?" Malkia akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Si unajua, watu wanatufananisha tu."

Wanatufananisha. Mimi na nani? Baba alikuwa hatua moja tu kutoka nilipokaa, na masikio yake ni mazima. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kuokota mabaki ya utepe, moja moja.

"Samahani, dada," akaniambia. "Macho ya uzee haya."

Akarudi alikotoka kwa magoti yale yale. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka moto, lakini sikumwita. Kamera iliporudi nilipiga makofi na kutabasamu kama nilivyoelekezwa. Dakika mbili baadaye mwenye kiti akatokea, na msimamizi akaninong'oneza kwa sauti iliyofika safu ya tatu: "Mjaza kiti, inuka." Malkia akavuta gauni lake ili nipite. Hakuniangalia tena.

Asubuhi, mezani, mama alikuwa bado anashangilia. Nilionekana mara mbili, alisema, na jirani ni shahidi. Kisha akamgeukia baba, aliyekuwa anajikwangua gundi vidoleni.

"Na wewe! Mwanao amekaa pale anang'aa kama bibi harusi, hata hukwenda kumsalimia?"

Nilikiweka kikombe changu mezani. Moyoni nikaomba aseme tu, aniumbue mbele ya mama, yaishe.

"Ningemsalimiaje?" baba akajibu, macho kwenye vidole vyake. "Wajaza viti wamekatazwa kujuana na watu. Ndiyo masharti ya kazi. Sivyo, mwanangu?"

Hakuniita Pilipili. Masharti yalikuwa matatu, na tuliyasikia sote wawili, bega kwa bega. Mama alinigeukia, bado anatabasamu, anasubiri jibu.

"Ndiyo, baba," nikasema.