Mikono Miwili ya Kushoto

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Muuguzi wa zahanati alishamwambia presha yake haitashuka kwa vidonge pekee kama halali usiku. Akajibu kuwa usingizi ni kazi ya matajiri. Msimu wa harusi ulipopamba moto akawa anakesha mfululizo, macho mekundu, kichwa kinamgonga, na kila anayemsemesha anang'akiwa.

Asubuhi ile niliivalisha sanamu ya kujaribia nguo gauni la bi harusi ili nilikague. Nusura nipige yowe. Mkono wa kulia ulipinda kurudi nyuma, maana mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto! Alikata wa kwanza, akasahau kugeuza karatasi ya kipimo, akakata wa pili vilevile. Kitambaa kilichobaki kilitosha mkono mmoja tu, na mwenye gauni alikuwa anakuja kulichukua mchana.

Fundi akanyakua mkasi. Vidole vilimtetemeka. Nikamnyang'anya, nikauweka kwenye kiti, nikaukalia.

"Baba watoto, lala kwanza," nikamwambia. "Kitambaa kikiharibika tutaomba radhi. Wewe ukianguka hapa, mimi nitamwomba nani?"

Alinikodolea macho, akanuna, akajitupa nyuma ya pazia juu ya marobota ya vitambaa. Kufumba na kufumbua, yuko fofofo.

Bi harusi naye akafika mapema, kaongozana na shangazi yake. Nikawaambia fundi yuko kwenye kazi nyeti isiyotaka kelele. Pazia likakoroma. Shangazi akanitazama, mimi nikatazama dari. Bi harusi akacheka, akasema hata yeye hajapata usingizi wa maana tangu aposwe, akaketi kusubiri.

Fundi alitoka akijinyoosha, uso umekunjuka. Nikamkabidhi mkasi. Akageuza karatasi, akakata bila kusita, na uzi ukaingia kwenye tundu la sindano mara moja! Gauni lilipomkaa bi harusi, shangazi alipiga vigelegele, nami nikapiga kumshinda.

Walipoondoka, mume wangu akanitazama kwa utulivu, kama mtu aliyerudi safari.

"Mama watoto, hivi hizi mvi zako zimeota lini?"

Siku nyingine ningemrushia pasi. Lakini miezi yote ile alikuwa ananitazama bila kuniona. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamvutia kiti aje azitazame vizuri.