Sauti ya Renita Redioni

Binti yangu Renita aliposema anataka kuwa polisi, nilimwambia wazi: kama una hamu ya kutukanwa na watu wazima, njoo uendeshe basi kama mama yako, angalau abiria wanashuka. Hakunisikia. Nimemzaa mbishi, na ubishi huo najua kautoa wapi. Siku alipovaa sare mara ya kwanza nilimbusu, nikampiga picha, kisha nikaenda moja kwa moja dukani kununua karedio kanakonasa mawasiliano ya polisi.

Tangu hapo kanakaa jikoni kwangu, juu ya friji. Nakaanga samaki, nasikiliza. Nakunja nguo, nasikiliza. Upande wote huu wa mashariki wa Cleveland, gari likiibwa najua kabla mwenyewe hajatoka bafuni. Lakini magari ya watu hayanihusu. Nasubiri sauti moja tu: Renita akisema amefika, Renita akisema amemaliza. Husema kwa utulivu, kama anasoma taarifa ya habari. Nikiisikia hiyo, chakula kinapita kooni.

Wiki iliyopita alikuja kula, akaitazama redio.

"Mama, hilo kopo lako litanyamaza Jumatatu. Jiji linafunga mawasiliano yetu, asiye polisi asisikie. Wezi nao wanasikiliza, tukifika wameshatoweka."

"Kwa hiyo mimi na wezi ni kundi moja?"

"Wao wana nafuu. Hawanipigii simu kuniuliza mbona sijala."

"Sasa nitajuaje kama uko hai?"

"Nitakupigia."

"Wewe? Hata siku yangu ya kuzaliwa hukumbuki mpaka ukumbushwe!"

Alicheka, akaondoka na bakuli langu zuri kama kawaida yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hofu, na hofu ikiniingia huwa nasugua masufuria, hata yaliyo safi.

Jumapili nimetoka kanisani, kofia bado kichwani, nikamsikia. Alikuwa anamfukuza kwa miguu kijana aliyeiba gari na kuligonga kwenye mti. Akasema anaingia uchochoro wa nyuma ya mtaa wa Hollis. Halafu kimya. Yule dada anayewatuma polisi kazini akamwita. Kimya. Akamwita tena, na safari hii hata yeye sauti ilimbadilika.

Ningeweza kupiga magoti. Nikapiga simu. Kwenye uchochoro ule anakaa Ozella Tibbs, mwenzangu wa kwaya, mwanamke ambaye hajawahi kupitwa na jambo lisilomhusu.

"Ozella, toka kibaraza cha nyuma uniangalizie mtoto!"

"Verlene, niko mezani."

"Ozella!"

Nikasikia kiti, nikasikia mlango. "Namwona," akasema. "Mzima. Redio yake imemdondoka kwenye uzio huku. Ee Yesu, Verlene, kijana mwenyewe kajibanza nyuma ya mapipa ya taka, ana kipande cha chuma mkononi, na mwanao anakwenda kulekule!"

Kisha akapayuka kwa ile sauti ambayo mwalimu wa kwaya anaiomba ipungue kila Jumapili. "Renita! Simama hapohapo! Yuko nyuma ya mapipa, ana chuma! Na wewe kijana, weka chini hicho, nakuona, na bibi yako namjua!"

Nikasikia chuma kikianguka. Kumbe kuna bibi anaogopwa kuliko polisi.

Halafu nikamsikia mwanangu kwa mbali, kupitia simu ya Ozella. "Asante, Dada Ozella. Rudi ndani, tafadhali." Sauti ilikuwa inatetemeka, kama ya mtoto aliyeamshwa na ndoto mbaya. Redioni sijawahi kuisikia.

Zamu yake ilipokwisha alikuja kwangu amefura.

"Mama, umeniwekea wapelelezi! Kituo kizima wananiita mtoto wa kwaya!"

"Mwache aone wivu asiye na kwaya."

"Sio utani! Dada Ozella angepigwa na kile chuma, ungesema nini?"

Hapo alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo, jambo lisilotokea mara nyingi nyumbani humu. Nikampakulia samaki. Hakuwagusa. Alikaa tu, mikono juu ya meza.

"Mama, niliogopa," akasema.

Miaka sita namuuliza kazi ilikuwaje, miaka sita ananijibu "shwari tu", na kwa kuwa redio ilisema vilevile, nilimwamini.

"Leo tu?" nikamuuliza.

"Siku nyingi, Mama. Lakini najua unasikiliza. Kila nikishika redio nakuona umesimama hapo karibu na friji, kwa hiyo navuta pumzi kwanza, ndipo naongea." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kesho wakifunga, angalau nitaweza kuhema kama wenzangu."

Nilidhani namlinda kwa kumsikiliza. Kumbe kila siku alikuwa anabeba na hofu yangu juu ya hofu yake.

Nikazunguka meza, nikamkumbatia na sare yake yote na vyuma vyake vinavyochoma.

"Basi hema," nikamwambia. "Mimi nipo hapa."

Alilia mpaka samaki wakapoa.