Upande wa Ndani

Mtaa mzima ulimwita Bi Cherehani, na yeye aliitikia jina hilo kama wengine wanavyoitikia cheo. Alifanyia kazi upenuni mwa nyumba aliyoishi na mama yake: cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na kioo kirefu chenye ufa ambacho wateja walijitazamia wakigeuka huku na huku. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mkali. Ukimletea nguo chafu alikurudisha nayo nyumbani ukaifue kwanza, uwe nani uwe nani.

Zamani alishona nguo mpya. Kisha serikali ikatangaza kubana matumizi, na wakubwa wakatokea kwenye televisheni wakiwaambia watu wafunge mikanda. Kumbe unga, mafuta ya taa, nauli na kodi ya nyumba havikuwa vimesikia tangazo hilo, maana vyenyewe vilizidi kunenepa. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mzee aliyestaafu ufundi wa magari na ambaye bado aliitwa Makanika, alikuja siku moja ameshika mkanda wake mkononi. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Bi Cherehani, na utani kati yao haukuwahi kwisha.

"Shemeji, nitobolee tundu jingine. Nimefunga mkanda kama tulivyoagizwa, sasa matundu yamekwisha na tumbo bado linarudi nyuma."

"Kwani mimi fundi viatu?" alisema Bi Cherehani, lakini alimtobolea.

Hakuna aliyeshona nguo mpya tena. Kazi iliyobaki ilikuwa kugeuza. Koti likipauka, Bi Cherehani alilifumua lote, akakipindua kitambaa ili upande wa ndani, ambao jua lilikuwa halijauona, uje nje, kisha akalishona upya. Kola zilizochakaa alizibandua akazigeuza. Penye tundu alitia kiraka kwa ndani, halafu juu yake akafuma nyuzi alizozichomoa kwenye pindo la nguo hiyohiyo, mpaka jicho likose pa kushika. Bitana ya koti ingeweza kuwa mfuko wa unga, au kitambaa cha mwavuli uliokufa, lakini kwa nje ungeapa kwamba nguo imetoka dukani jana. Ni kazi inayochosha macho na mgongo, na yeye aliipenda kuliko magauni ya harusi. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, ndivyo alivyopenda kusema, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Basi ikaja siku ya ukaguzi. Waliokuwa wakipokea posho ya wazee waliitwa ukumbini ili maafisa wa ustawi wawatazame, ijulikane nani bado anahitaji na nani ajitegemee. Sasa, wazee wa mtaa ule walilelewa kwa adabu moja: ukiitwa ofisini unaoga, unapiga viatu rangi, unavaa nguo yako ya heshima. Huendi mbele ya watu na vumbi lako. Wakaenda wamenyooka kama wasimamizi wa harusi, Makanika ndani ya koti la kijivu, na mama yake Bi Cherehani ndani ya gauni la bluu lenye kola nyeupe. Maafisa wakawatazama, wakatabasamu, wakawasifu kwa kupendeza. Mwezi uliofuata wakaitwa tena, wakaambiwa kwamba posho yao imesimamishwa. Sababu ilikuwa moja kwa wote: hali yao ni nzuri.

Mtaa ulicheka kwanza. Kisha ukanuna. Kisha ukamgeukia fundi.

"Umetuponza, shemeji," alisema Makanika. "Uhodari wako umetutia njaa. Ungekuwa fundi mbovu, leo tungekuwa tunakula."

Yeye alitania, lakini wengine hawakutania. Mke wa jirani mwingine alikuja kuchukua shati la mumewe akaondoka nalo bila hata kuaga. Bi Cherehani aliumia, tena sana. Na chini ya maumivu hayo, Mungu amsamehe, palikuwa na mahali padogo palipovimba kwa fahari: serikali nzima ilikuwa imekodolea macho mishono yake na haikuona hata mmoja.

Ila fahari hainunui dawa. Mama yake alikuwa na presha, na ile posho ndiyo iliyolipia vidonge. Cherehani ililipa kodi na chakula, ikaishia hapo. Asubuhi moja Bi Cherehani alimkuta mama yake jikoni ameinamia meza, anakata kidonge katikati kwa kisu cha kumenyea.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafunga mkanda," alijibu mama, akameza nusu, na nusu akairudisha kwenye kichupa.

Huyo ni mama aliyefagia korido za shule ujana wake wote, akasomesha mtoto, na hajawahi kubisha hodi kwa mtu kuomba hata chumvi. Bi Cherehani alitoka nje, akaketi kwenye cherehani yake, akashindwa kuikanyaga. Alijua kinachompata mtu wa presha anayekula nusu dawa. Alikwisha kumzika mumewe kwa ugonjwa huohuo.

Wazee walilalamika, na baada ya kuzungushwa huku na kule wakakubaliwa kutazamwa tena, kwa mara ya mwisho, na mmoja wa maafisa walewale. Siku moja kabla, Makanika alifika na gunia la nguo mgongoni, akalitua juu ya meza ya kukatia.

"Chana," akasema. "Chana zote, shemeji. Viwiko, magoti, mgongo. Tumekubaliana. Wanataka kuona umaskini, tuwapelekee."

"Mimi nichane kazi yangu mwenyewe?"

"Si utaishona baadaye."

"Na nyinyi mpite barabarani matambara yanapepea, watoto wawacheke?"

Siku hiyo Makanika hakuwa na utani. "Shemeji, mke wangu anakula mlo mmoja kwa siku. Heshima nitaivaa nikishiba."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Langu msiliguse," alisema. "Kama ni mpaka nivae matambara, wakae na posho yao. Nitakufa na kola yangu."

"Utakufa kweli, mama, tena mapema!" Maneno yalimtoka Bi Cherehani kabla hajayameza. Mama alimtazama, akarudi ndani. Makanika akajifanya anakagua gunia, kisha akaaga.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Bi Cherehani alilichukua gauni la bluu kwenye msumari, akalitandaza mezani, akashika wembe. Afadhali mama amchukie akiwa hai. Lakini fundi hachani ovyo, hata anapochana makusudi. Hutafuta mshono utakaoshoneka tena bila kuacha kovu. Akalipindua gauni ili autafute mshono huo kwa ndani, na hapo mkono wake ukasimama.

Miaka yote alikuwa akiitazama nguo ile kipande kipande, pale tu penye kazi. Hakuwahi kuitandaza yote ikiwa imepinduliwa. Bluu ya huku, iliyokuwa nje kabla gauni halijageuzwa, ilikuwa imepauka ikakaribia rangi ya maji ya mchele. Kwapani palikuwa na kiraka cha shati la marehemu mumewe, nyongani kiraka cha pazia, na kifuani kiraka juu ya kiraka. Pindo lilikuwa limeshushwa na kupandishwa hadi alama zake zikapangana kama mistari ya daftari. Na kila mahali ilipita mishono midogo, iliyolala sawasawa, ya mtu aliyekataa mama yake aonekane na dhiki. Matambara yangekuwa uongo, tena uongo wa kujidhalilisha. Hii ilikuwa kweli, na ilikuwa nzuri. Akauweka wembe chini, akatia mkaa kwenye pasi.

Kisha akamwita Makanika kwa kupiga ukuta.

"Rudisha nguo za watu. Waambie wazifue, wazipige pasi. Kesho tunavaa nguo zetu za heshima, ila upande wa ndani unakuwa nje."

Makanika alimkodolea macho, halafu akacheka mpaka akashika mlango. "Shemeji, watasema tumerukwa na akili!"

"Waseme. Lakini watakuwa wameona."

Mama alipoambiwa alifikiri kidogo. "Limepigwa pasi?" akauliza.

"Limepigwa pasi, mama."

"Basi sawa."

Kesho yake wazee walishika barabara, viatu vinang'aa, nywele zimechanwa, na kila mmoja amebeba mishono yake nje. Wenye maduka walisimama milangoni. Mlinzi wa ukumbi alidhani ni uzee, akamnong'oneza Makanika kwa huruma, "Mzee, umevaa kinyume."

"Nimevaa sawasawa, kijana. Wewe ndiye uliyekuwa ukinitazama kinyume."

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na koti jeusi. Alipowaona wanaingia akaiweka kalamu chini. Mama ndiye aliyeitwa kwanza, na Bi Cherehani akaenda naye, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, mbona nguo umeigeuza?"

"Mara ile ulinitazama nje, ukasema hali yangu ni nzuri. Sikukulaumu. Nje ni pazuri kweli, binti yangu ni fundi. Leo nimekuletea upande ninaoishi nao."

Afisa aliinuka, akaizunguka meza, akainama karibu na bega la mama. Alitazama kiraka kimoja, akahamia kingine, bila haraka. Aliponyoosha mkono kugusa mshono wa kwapani, koti lake likafika chini kabisa ya macho ya Bi Cherehani, na macho ya fundi hayaendi likizo.

Mfuko wa kifuani ulikuwa upande wa kulia. Koti likigeuzwa, kushoto huhamia kulia, na mfuko huo ndio unaosaliti, kwani hauhamishiki bila kuacha alama. Akatazama vifungo: kweli, pembeni palikuwa na matundu ya zamani yaliyozibwa kwa uzi usiofanana. Afisa wa serikali alikuwa amevaa koti lililogeuzwa, tena limegeuzwa na fundi mwenye haraka. Afisa aliinua uso, macho yao yakakutana, na Bi Cherehani akajua kwamba mwenzake amejua.

Neno moja tu lingetosha. *Hata wewe!* Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, na ulimi ule haukuzoea kunyimwa kitu. Nyuma yake ukumbi mzima ulikuwa na hasira ya miezi, ungenguruma. Lakini aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hapigi mbiu. Akanyoosha mkono, akaiweka sawa kola ya afisa kama afanyavyo kwa mteja mbele ya kioo.

"Kwapani pamekubana," alimwambia kwa sauti ya chini. "Pita kwangu siku moja."

Afisa alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bibi huyu arudishiwe posho," alimwambia mwenzake aliyekaa kando.

"Lakini tumeambiwa tupunguze."

"Nimesikia tulivyoambiwa. Arudishiwe. Na hawa wengine waje mmoja mmoja niwatazame vizuri, kama nilivyopaswa kuwatazama tangu mwanzo. Nikiulizwa nitajibu mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee walisimama tu, wakapanga foleni, migongo imenyooka. Ilipofika zamu ya Makanika, afisa alimzungusha na kusoma maandishi ya mfuko wa unga yaliyopita mgongoni mwa bitana, miguu juu kichwa chini.

"Mzee, umeandikwa 'Daraja la Kwanza'."

"Ndiyo, mwanangu. Ila mfuko wenyewe mtupu."

Afisa akacheka, na ndipo ukumbi wote ukacheka, mpaka yule mlinzi mlangoni.

Walipotoka, jua lilikuwa kali. Bi Cherehani alimshika mama yake mkono, akamvutia upande wa vyoo vya ukumbi. "Njoo ugeuze gauni, mama. Kazi imekwisha, twende nyumbani tukiwa watu."

Mama akauvuta mkono wake. "Nigeuze kwa nini? Miaka yote hii watu wananisifia gauni hili, nami nanyamaza. Huku ndiko ulikofanya kazi, na hakuna anayekujua. Wacha."

Akashika barabara kuu, katikati kabisa, kwa mwendo wake wa polepole. Kwenye duka la kwanza muuzaji alimwita, "Bibi, nguo!" Mama akasimama, akainua mkono juu ili kwapa lionekane.

"Hiki alikitia binti yangu," akasema. "Njoo utazame mshono. Sogea, hauumi."

Alifanya hivyo kwenye kila duka na kila kibaraza mpaka nyumbani. Bi Cherehani, mwenye jibu kwa kila mtu, alitembea nyuma yake akilia waziwazi, wala hakujifuta.