Kiti Karibu na Birika

Asubuhi ya utetezi wa tasnifu yake, mtahiniwa alikuwa akifungua madirisha ya chumba, maana kilinuka rangi mbichi, bibi yake mzaa mama alipoingia, akavua viatu mlangoni, akaketi. Huo ulikuwa mwaka wa sita tangu azikwe. Karani wa idara alimpa kitabu cha wageni. Bibi akasema hajui kuandika, basi karani akaandika "mgeni" na kurudi kwenye simu yake.

Tasnifu ilihusu historia ya sheria linganishi, yaani ile elimu ya kuweka sheria za watu hawa kando ya sheria za watu wale na kuuliza zinakutana wapi. Vitabu vyote vilisema ilizaliwa ughaibuni, kwenye mkutano wa mabwana wenye ndevu. Sura ya pili ya mtahiniwa ilisema si kweli hata kidogo. Kabla ya ndevu hizo walikuwepo wanawake walioolewa mbali, wakaishi na sheria mbili chini ya paa moja. Mfano wake mkuu alikuwa bibi.

"Chanzo chako?" akauliza profesa, mkuu wa jopo. Wanafunzi walimwita Bwana Tanbihi, maana hata ukimwamkia atataka kujua salamu umeitoa ukurasa gani.

"Huyo hapo."

Profesa akamsogezea bibi kipaza sauti. "Karibu, mama. Ulikuwa ukifanyaje?"

"Watu wa kwetu na wa kwa mume wangu wakigombania nyumba ya marehemu, wananiita. Siwaulizi sheria zenu zinasemaje. Hapo si tutakesha? Nawauliza, sheria yako inamlinda nani? Kumbe zote mbili hazitaki mtoto alale nje. Basi, tunaanzia hapo."

Profesa akaandika haraka haraka, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa chekechea. Akamwomba arudie. Bibi akarudia.

Jopo likatoka, likarudi. Sura ya pili iondolewe, la sivyo shahada hakuna. Marehemu hawezi kuwa chanzo.

"Vitabu vyenu vyote ni vya marehemu!" mtahiniwa akafoka.

"Wale waliandika," profesa akasema kwa upole.

Mtahiniwa alitamani kuwatupia ile tasnifu usoni, na jalada lake. Lakini bila shahada kazi ya kufundisha ilikuwa inaisha mwezi uleule, na nyumbani walimtegemea yeye. Bibi akamshika mkono.

"Ondoa, mjukuu wangu. Mwenye nguvu mpishe. Mimi nimeshakufa, wewe bado unakula."

Akaondoa.

Mwaka uliofuata profesa alitoa kitabu: usiulize sheria inasemaje, uliza inamlinda nani. Kilisifiwa hadi ughaibuni, na kanuni ikapewa jina lake. Wizi mtupu, ila una jalada gumu.

Bibi hakurudi kaburini. Idara ilimpa kiti karibu na birika, na vikao vikikaa yeye ndiye anayemimina chai. Wakubwa husema chai yake haina mfano.

Mjukuu sasa ni daktari wa falsafa, na anafundisha historia ya taaluma kuanzia kwa wale mabwana wenye ndevu, maana ndivyo mtaala unavyotaka. Juzi mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo kanuni aliigundua nani?"

Mwalimu alimtazama bibi, aliyekuwa amemletea kikombe. Akalitaja jina la profesa.

"Andikeni," akasema bibi, nao wakaandika.