Mkono Utosini

Tulikuwa wasichana wanne, wanafunzi wa Sista Ingrid, Mswidi wa misheni, na kazi yetu ilikuwa masikio na vinywa. Tulijifunza kusafisha masikio yanayotoka usaha, kumtambua mtoto asiyesikia, na kuwafundisha viziwi kutamka. Posho hatukuwa nayo. Usharika ndio uliotulisha. Akina mama wa Makumira walileta ndizi na maziwa kwa zamu, na wengine walikaa nasi barazani wakitufumbulia vinywa ili tujue ulimi unakaa wapi.

Kisha watu wa Engare Nanyuki wakahamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni, ardhi wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa. Wakajaa kwa ndugu zao huku kwetu, na ndizi zikapungua. Wazee wa usharika wakasema watatupima Jumapili moja baada ya ibada. Kiziwi mmoja akisema mbele yao, tutabaki. Asiposema, kila mtu arudi kwao.

Mimi nyumbani ningerudia jembe tu. Lakini kwao mwenzetu Kaanaeli mahari ilikuwa imekwisha pokelewa, na baba yake alisema anasubiri uamuzi wa wazee; tukirudishwa, ataolewa.

Kiziwi aliyefundishwa na Kaanaeli aliitwa Lemburis, mtoto wa Meitamei, Mwarusha mfugaji wa magharibi ya mlima. Kaanaeli alimfundisha hivi: alimwekea kiganja utosini, na mkono wa Lemburis akauweka utosini pake mwenyewe, kisha wakasema "i" pamoja. Sauti hiyo hutetemesha fuvu, na kiziwi huihisi mkononi. Ilichukua muda mrefu sana. Siku aliposema "Mimi Lemburis", kwa sauti nzito kama ya ndama, Kaanaeli alijifunika uso kwa kanga akalia.

Baadaye Lemburis alikwenda kwao kutahiriwa. Alirudi Jumapili ile ile ya wazee, amevaa nguo nyeusi ya vijana waliotoka kutahiriwa, pamoja na baba yake na wenzake wa rika waliotahiriwa naye.

"Shikamoo, baba," Kaanaeli alimwambia Meitamei.

"Marahaba, mwanangu. Leo nitamsikia?"

"Utamsikia, baba."

Waarusha humsalimu mtoto kwa kumgusa kichwa. Akishatahiriwa haguswi tena kichwa, hupewa mkono. Kaanaeli alilijua hilo. Alimpa Lemburis mkono, naye akaushika kwa nguvu, anacheka.

"Umekuwa mkubwa wewe," Kaanaeli akamwambia taratibu, ili aone midomo. "Leo usinitupe."

Ndani ya kanisa watu walikuwa wamebanana. Mzee Aminieli, mkubwa wa wazee, akasema, "Haya binti, tusikie."

Lemburis akafungua kinywa. "Ma," alisema. "Ma. Ma." Ile "i" haikutoka.

"Anamtaka mama yake!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Si bora wangetuletea mbuzi? Mbuzi angalau analia!"

Watu wakacheka. Lemburis aliyaona meno yao, jasho likamtoka. "Ma," akasema tena. Mkono wa Kaanaeli ukainuka wenyewe, kama ulivyoinuka kila siku barazani, ukatua utosini pa Lemburis.

Wenzake wa rika wakaruka kutoka kwenye benchi.

"Layoni! Anashikwa kichwa kama layoni!"

Layoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Lemburis hakuwasikia, ila aliisoma midomo yao. Sisi ndio tuliomfundisha kusoma midomo.

Akausukuma mkono wa Kaanaeli. "Mimi!" akapiga kelele. "Mimi! Mimi!"

Ilitoka safi, hata madirisha yakaitika. Kisha akakimbia nje.

"Amesema!" Sista Ingrid akasimama. "Wazee, mmesikia wenyewe!"

"Nimesikia," Meitamei akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniogopesha zaidi. "Amesema, na mmemrudisha utotoni mbele ya rika lake. Atakaa nao vipi? Harudi hapa."

Mzee Aminieli akamgeukia Sista Ingrid. "Sista, tulikuahidi, kweli. Lakini ardhi tumegombania mpaka tumechoka. Na Waarusha nao tugombane? Wasichana waende kwao."

Kaanaeli alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyeungua.

Aliolewa kabla ya mavuno ya kahawa, upande unaopakana na Waarusha. Nilimtembelea mara moja. Tulichuma kahawa pamoja. Lemburis, alisema, hupita pale chini na ng'ombe, amejifunga shuka mpaka puani.

"Humwiti?"

"Nimwiteje, Tabea? Hasikii."

Mtoto wa jirani akaja mbio kati ya migomba. Akasimama mbele ya Kaanaeli, akainamisha kichwa asalimiwe.

Kaanaeli akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Mtoto akabaki ameinama, anangoja.