Munezero ao Rodrigue

Mwalimu Buhendwa alikuwa akiwahoji wanafunzi wake kwa mdomo, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Somo lenyewe lilikuwa mantiki ya hesabu na nadharia ya algorithme, somo ambalo nusu ya darasa walilikimbia. Munezero hakulikimbia. Aliingia wa tatu, akakaa.

"Mademoiselle," akaanza Buhendwa, "sentensi 'A ao B' inakuwa ya bongo, ya uongo, wakati gani?"

"Wakati zote mbili ni za bongo, Professeur. Kama hata moja tu ni ya kweli, sentensi yote ni ya kweli."

"Bien. Unipe mufano ya maisha."

Mifano imejaa duniani. Angesema mvua ao jua, muhogo ao viazi, akatoka salama. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Munezero ao Rodrigue alimupitia Nyogokuru."

Buhendwa akacheka. "Très bien! Kwa hiyo kama hakuna mwenye alimupitia, ni faux, ni bongo." Akaandika dix-sept sur vingt, kumi na saba kati ya ishirini, kwa kalamu nyekundu. Hakujua, maskini, kwamba alikuwa amemsahihishia mtu msiba wake.

Maana sentensi ile haikutungwa mle chumbani. Ilitungwa miezi mitano nyuma, Januari ya 2002, Alhamisi ile mlima wa Nyiragongo ulipopasuka.

Nyogokuru Dancille, bibi yao Munezero na mdogo wake Rodrigue, mama mzazi wa baba yao, alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya mbao mtaa wa Mapendo. Miguu ilikuwa imekufa zamani. Waliposema ahamie kwa mwanawe, mtaa wa Mabanga, alijibu kwamba alikwisha kuhama Masisi na hahami tena, na ukaidi wa bibi yule ulikuwa haushindiki. Baba yao, Télesphore, alikuwa kijijini Munigi siku hiyo, kwa ng'ombe wake wawili, ndio pekee waliobaki katika kundi lililoliwa na vita. Mama yao naye vita vya '96 vilikwisha kumchukua.

Moshi ulipotanda, Télesphore akamtuma jirani yake Viateur, mwenye pikipiki, ashuke mjini haraka: "Ambia Munezero ao Rodrigue apitie Nyogokuru."

Viateur alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Mwongo mdogo angemtaja mmoja tu, akawaokoa wote. Yeye akaufikisha ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno, kwanza kwa Munezero chuoni, kisha kwa mdogo wake Rodrigue, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Birere.

Munezero akawaza: Birere ni karibu na Mapendo, Rodrigue atampitia. Rodrigue akawaza: dada ndiye mkubwa, ndiye mwenye akili, na ujumbe umeanzia kwake, atakuwa amekwisha kumbeba. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kabisa. Dada akafuata umati wa kwenda Sake, kaka akavuka mpaka kwenda Gisenyi, na moto wa mlima ukapita Mapendo, ukaimeza nyumba ya mbao.

Majuto ni mjukuu, husema Waswahili. Hapa wajukuu walikuwa wawili.

Siku ya tatu walikutana Mabanga, nyumba yao ikiwa imesimama bila hata ufa. Télesphore alikuwa amefika kabla yao na ng'ombe wake, kwato zimeungua.

"Nyogokuru eko wapi?" akauliza.

Rodrigue akamtazama dada yake. Alikuwa bado na tumaini usoni, na tumaini lile ndilo lililomtisha Munezero. Akasema haraka, "Viateur aliniambia ni Rodrigue njo atamupitia."

Ndivyo alivyomuuza ndugu yake. Viateur angemwumbua, lakini Viateur alipotelea Rwanda, hakurudi. Rodrigue naye hakubisha. Alijua kwamba hata yeye hakwenda, akatoka nje. Tangu siku hiyo baba yao hakumsemesha tena, wala jina lake hakulitaja. Kijana wa miaka kumi na tisa akawa anakula wengine wakishamaliza, akaacha hata viatu vyake vya Birere.

Munezero akajificha katika daftari. Buhendwa aliwafundisha kwamba algorithme nzuri ina hatua zinazofika mwisho, lakini zipo nyingine ambazo huzunguka tu bila kusimama. Ya kwake ilikuwa fupi: papa akiwa na furaha leo, mwambie, asipokuwa na furaha, ngoja kesho. Ikazunguka miezi mitano. Aliona haya, aliona uchungu, alijichukia, na kila asubuhi alikwenda chuoni.

Lakini kicheko cha Buhendwa kilimvunja. Alitoka kwenye mtihani akikimbia, akakata njia juu ya mawe meusi ya volkano yanayokula viatu, hata akafika nyumbani akihema. Baba yake alikuwa amekaa uani.

"Papa, Rodrigue eko wapi?"

"Amepanda camion ya basoda, ya baaskari, asubui. Bale barebelle, baasi, bako nakamata bavijana, lakini yeye hakuna mutu alimukamata. Amepanda mwenyewe."

Munezero akapiga magoti. "Papa, nilisema bongo. Viateur aliniambia na mie. Alituambia wote wawili. Nilimuachia Rodrigue kazi yote."

Alingoja tusi. Alingoja kofi.

"Najua."

"Unajua nini, Papa?"

"Wakati natoka Munigi na bang'ombe, nilipita pale. Nilifika mu mulango yake kabisa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Alinisikia. Akaniita na jina yangu. Ng'ombe moja ilikuwa inavuta kamba, inataka kukimbia. Nikasema, siwezi kukawia, batoto bako njiani. Nikasema, Munezero anakuja. Ao Rodrigue."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kulitamka jina la mwanawe, na mwenye jina hakuwepo kulisikia.