Bi Asia na Kabati la Amplifaya

Amplifaya kubwa ilizimika yenyewe Jumamosi asubuhi, mtangazaji akiwa katikati ya kutaja bei za korosho. Ismaili aliweka kiganja juu ya kabati, akakiondoa upesi kama mtu aliyegusa kikaango. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa majuma kadhaa mitambo ile ilikuwa ikichemka, inajizima, inapumzika, kisha inawaka tena ikipenda yenyewe. Akampigia simu Celestino.

Celestino alikuwa fundi wa redio na majokofu, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka mto kwenye kivuko cha Kilambo akiwa kijana na kuoa hapa hapa Mtwara, mtaa wa Ufukoni. Alifika na mfuko wake wa vifaa, akavua viatu mlangoni, akasalimia, kisha akachuchumaa mbele ya kabati na kulitazama toka juu hadi chini. Lilikuwa kabati zuri la mninga, refu kupita kimo cha mtu, lenye mlango wa kioo. Ndani yake amplifaya zilikuwa zimelaliana.

"Bosi, umezipanga kama chapati kwenye hotipoti," alisema. "Sasa zitapumulia wapi?"

"Aliyeniuzia alisema chumba kiwe na baridi tu."

"Chumba kina baridi. Kabati ndilo lina homa."

Alilivuta kabati kutoka ukutani, akafungua skrubu za ubao wa nyuma, akautoa. Joto likampiga usoni. Kwenye rafu ya katikati, nyuma ya amplifaya, kati ya nyaya, alikuwa ameketi Bi Asia, mama yake Ismaili, amekunja miguu na kujifunika kanga hadi kidevuni. Bi Asia alifariki mwezi wa saba. Alizikwa kijijini kwao Kitaya, na Ismaili mwenyewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea na kumlaza kwenye mwanandani.

"Shikamoo, mama," alisema Celestino.

"Marahaba, baba. Usiniachie wazi sana huko nyuma. Upepo unaingia."

Celestino aliurudisha ubao kidogo, akauegemeza. Zuhura, mke wa Ismaili, alitoka jikoni na beseni la vyombo. Alipomwona mkwewe aliliweka beseni chini, akapiga goti na kumwamkia, kisha akamuuliza kama angekunywa chai. Bi Asia alisema chai angeipenda, ila siku hizi haishuki.

Ismaili alibaki amesimama na rimoti mkononi. Alijua kwa nini mama yake alikuwa mle.

Mwaka uliopita, kazi zake za kutoa mizigo bandarini ziliponyooka, alinunua mitambo ile yote: runinga pana kama mlango, spika za kila kona, na sabufa iliyotikisa vikombe kabatini kwa jirani. Muuzaji alimwonya kwamba joto la Mtwara linaua vitu hivi. Ismaili akafunga kiyoyozi sebuleni, akakishusha hadi namba ya mwisho, na tangu siku hiyo hakikuzimwa. Halafu mama yake akaletwa kutoka Kitaya kwa sababu ya kifua, awe karibu na hospitali. Alipewa chumba cha uani, lakini mchana alipenda kushinda sebuleni, kwa kuwa ndiko walikokuwa watu. Alikaa pembeni kwenye mkeka, kanga mbili mabegani, na juu yake koti la mvua la Ismaili.

"Hapa baridi, mwanangu."

"Ni kwa ajili ya mitambo, mama. Ikipata joto inakufa."

"Haya."

Hakuitaja baridi tena. Siku moja Farida, dada yake Ismaili, alikuja kumjulia hali, akamkuta kucha zimebadilika rangi. Hakugombana na mtu. Alifunga nguo za mama yao kwenye kanga, akaondoka naye kurudi Kitaya jioni ile ile. Kichomi kilikuwa kimeshaingia. Bi Asia alikata roho mikorosho ikianza kutoa maua.

"Mama, toka humo," Ismaili alisema sasa.

"Nitoke niende wapi?"

"Kuna kitanda chumbani kwetu, godoro jipya. Kiyoyozi nakizima sasa hivi." Akakizima kweli. Sebule ikawa kimya kwa namna ambayo hawakuizoea.

"Kitanda nilikuwa nacho, Ismaili."

"Basi nikuletee blanketi."

"Blanketi linatunza joto la mwenye nalo. Mimi sina la kutunza." Bi Asia alilaza kiganja juu ya bati la amplifaya, na kiganja hakikuungua. "Hizi zinalo. Niache hapa hapa."

Aliyasema hayo bila hasira, kama anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Ismaili angepata nafuu kama mama yake angemfokea.

Celestino alikuwa amekaa sakafuni akifikiri. Kazi aliyoitiwa ilikuwa ya kawaida, ila sasa kulikuwa na mtu ndani yake.

"Kabati la mitambo halina siri," alisema. "Hewa ya baridi iingie chini, ya moto itokee juu. Nikitoboa hapa, upepo utampiga mama mgongoni. Nisipotoboa, amplifaya zitaungua, na yeye atabaki kwenye kabati la baridi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo apande. Kwa kawaida ile yenye moto mkali ndiyo hukaa juu kabisa, isiwachome wenzake. Lakini kwa hali hii, juu tumwachie yeye."

Walitoa amplifaya zote, wakazipanga sakafuni. Celestino alikata vipande vya mbao na kuzirudisha moja moja, akiacha kati yao nafasi ya mkono kupita. Ile kubwa aliiweka chini kabisa. Alitoboa mstari wa matundu upande wa chini wa ubao wa nyuma, akafunga feni ndogo alizozitoa kwenye kompyuta mbovu, na juu kabisa, chini kidogo ya dari ya kabati, akatoboa matundu mengine ya kutolea moto. Joto lote, alieleza, lingepita kwa mama kwanza ndipo litoke.

Kisha wakamhamisha. Celestino alishika miguu, Ismaili akamshika kwapani. Bi Asia alikuwa na uzito wa ungo mtupu, na baridi yake ilipenya kanga ikaingia kwenye mikono ya mwanawe. Ismaili hakuwa amemshika tangu siku ya mazishi. Alitaka kuendelea kumshika kidogo.

"Haya, sukuma," alisema Celestino.

Akamsukuma.

"Hapo vipi, mama?"

Bi Asia alijisogeza, akapata pa kuegemea. "Hapo sawa. Mungu akubariki." Alikuwa akimwambia Celestino.

Asubuhi ya pili Ismaili aliamka akamkuta amefifia. Mitambo ilizimwa watu walipokwenda kulala, na sasa Bi Asia alikuwa akitetemeka kwenye rafu ya juu, mwepesi kiasi kwamba mistari ya mninga ilionekana kupitia kifua chake. Ismaili aliwasha amplifaya zote. Taa zao ziliwaka, lakini mama aliendelea kutetemeka. Akampigia Celestino.

"Amplifaya haitoi joto la maana kwa kukaa tu, bosi. Inatoa ikifanya kazi. Piga kitu. Na usipige kwa kunong'ona."

Ismaili akaweka muziki, akaongeza, akaongeza tena. Taratibu bati likapata moto, feni zikavuma, na rangi ikamrudia Bi Asia kuanzia miguuni kwenda juu. Akashusha kanga mabegani.

Tangu hapo nyumba ile haikunyamaza. Majirani walielezwa sababu na hawakuona tatizo. Mmoja alisema mama yake mwenyewe angefurahi kupata mtoto wa namna hiyo. Maalimu wa msikitini aliomba jambo moja tu, kwamba sauti ipunguzwe wakati wa adhana. Ikapunguzwa. Kila adhana Bi Asia alijikunyata, akajifunika kanga, akangoja iishe.

Tatizo lililobaki ni kwamba Bi Asia alikuwa akizungumza. Akishaota moto, alimtazama mwanawe kupitia kioo na midomo ikaanza kwenda, polepole, kama mtu mwenye maneno mengi na muda wa kutosha. Ismaili aliona midomo, akasikia spika. Alitikisa kichwa kukubali. Siku moja alizima kila kitu ili amsikie.

"Ismaili," alisema Bi Asia, sauti yake nyembamba lakini ni yake kabisa. "Siku ile nilipo…" Meno yakaanza kugongana. Ismaili akabonyeza rimoti kabla hajamaliza.

"Siwezi kumwona anatetemeka," alimwambia Zuhura.

Zuhura alikuwa akichambua mchele. Alimtazama mumewe, akarudi kwenye mchele wake.

Farida alikuja kutoka Kitaya na ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa amesikia habari kwa watu wa mpakani, ambao nao walizisikia kwa Celestino. Alimpa Zuhura ming'oko, akamsalimia mdogo wake kwa kifupi, akavuta kigoda hadi kwenye kabati. Alifungua kioo. Muziki ulikuwa ukinguruma. Farida akapanda juu ya kigoda, akaingiza kichwa chote kwenye rafu ya juu, akaweka sikio lake kwenye mdomo wa mama yao.

Alikaa hivyo muda mrefu. Zuhura alichemsha ming'oko, ikaiva, akaitia chumvi, ikapoa sahanini. Farida aliposhuka, magoti yalikuwa yamekufa ganzi na uso umelowa. Akafunga kioo kwa uangalifu.

Ismaili alimfuata uani alikokwenda kunawa. "Kasema nini?"

"Si yupo? Kamuulize."

"Muziki mkubwa, dada. Simsikii."

"Mimi nimemsikiaje?"

Farida alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Alipoendelea, hakupandisha sauti.

"Alikwambia kuhusu kifua, Ismaili. Si mimi aliyeniambia kwanza, ni wewe. Alikwambia hapo hapo sebuleni kwamba akivuta pumzi kuna kitu kinamchoma. Ukamwambia angoje sinema iishe."

Ismaili alikumbuka. Aliikumbuka hata sinema yenyewe. Haikuwa nzuri. Alilala kabla haijaisha, na alipoamka mama yake alikuwa ameshakwenda chumbani kwake.

"Twende naye Kitaya, basi," alisema. "Nitawabebea mtambo mmoja."

"Nimemwambia. Amekataa. Anasema hajamaliza." Farida akachukua mkoba wake. "Na umeme wa kule unaujua."

Baada ya kumsindikiza dada yake stendi, Ismaili alirudi akasimama mbele ya kabati. Zuhura alikuwa amekwenda kwa jirani. Bi Asia alikuwa akimtazama, mikono mapajani. Ismaili aliweka mkono kwenye kishikio cha kioo, na kioo kilikuwa na joto zuri, kama ubavu wa mnyama. Kigoda kilikuwa pale pale alipokiacha Farida. Kilichotakiwa ni kupanda tu na kutega sikio.

Aliwaza yale ambayo mama yake angeweza kusema. Kama ni lawama, angezibeba, alikuwa ameshajizoesha. Huenda ni jambo dogo, kwamba mkorosho wa nyuma ya jiko upunguzwe matawi. Lakini kama ni msamaha, hakujua angeupeleka wapi. Alisimama hivyo mpaka kiganja kikatoa jasho kwenye kishikio. Ndipo hodi ikapigwa.

Walikuwa watu wa mtaani waliokuja kuangalia mpira. Alikuwa amewaalika mwenyewe. Waliingia wakiwa na furaha, kila mmoja akamwamkia Bi Asia, wakajipanga kwenye makochi na mikekani. Mtu mmoja alikichukua kigoda akakikalia. Zuhura aliporudi aligawa kahawa na korosho za kukaanga. Mpira ulianza. Amplifaya zilipumua vizuri, feni zilivuma, moto ulipanda kutoka rafu hadi rafu, na kila mtu aliisifu kazi ya Celestino.

Fadhili, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyekaa karibu na kabati. Katikati ya kipindi cha kwanza aligeuka.

"Bwana Ismaili, mama anakuita."

Ismaili alitazama. Bi Asia alikuwa ameinama mbele hadi paji la uso likagusa kioo. Midomo yake ilikuwa ikienda, na pale ilipogusa kioo iliacha ukungu mdogo. Chumba kizima kilinyamaza kwa heshima, kikimngoja mwenye nyumba. Sauti ya mtangazaji peke yake ndiyo iliyobaki.

"Anasikia baridi," alisema Ismaili.

Akachukua rimoti, akaongeza sauti. Sabufa ikaunguruma hadi sakafuni. Mashavu ya Bi Asia yakapata rangi, na watu wakageukia mpira.